Akiba ya Petroli Imo Mguuni

Ndugu msomaji, leo naungama kosa langu mbele yako ili wewe usilirudie.

Mwaka 2024, uhaba wa petroli ulipokuwa umetubana hapa Bujumbura, nilinunua gari dogo kwa mkopo, kwa kuwa kazi yangu hunipeleka Gitega mara kwa mara. Lilikwisha kutumika ng'ambo, lakini kwangu lilikuwa jipya, nami nililiendesha kama mtoto aliyevishwa viatu vya sikukuu. Nikiondoka, matairi yalilia. Nikiona magari yamesimama mbele, niliyakimbilia mpaka karibu, ndipo nikakanyaga breki.

Usiku mmoja jirani alibisha hodi. Mwanawe alikuwa akitetemeka kwa homa kali. Nilitoka mbio na ufunguo, mshale wa kipimo cha mafuta ukiwa umelala chini. Nusu ya njia gari lilizima. Baba yule alimbeba mtoto mgongoni, nami nikamfuata kwa miguu hadi hospitali. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini petroli ambayo ingetufikisha nilikuwa nimeimwaga barabarani kwa mguu wangu mwenyewe.

Mke wangu hakunilaumu. Alisema tu, "Baba watoto, maharagwe yakishachemka mimi hupunguza mkaa. Gari likishashika mwendo, mbona wewe waendelea kuchochea?"

Kwa kuwa nilisomea ualimu, nilirudia daftari. Kila nilipobahatika kujaza tangi, niliandika kilometa nilizokwenda na lita zilizoingia. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, tazama mbali. Kila ukanyagapo breki, watupa mwendo ulioununua kwa petroli. Ukiona lori limepunguza mwendo huko mbele, inua mguu mapema. Na katika tambarare panda gia mapema, almuradi injini isitetemeke.

Pili, jifunze mlima. Bujumbura iko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari; Bugarama ni zaidi ya mita 2,000, na kati yake ni kilometa 35 hivi tu. Kupanda huko hakuna bure: shika mwendo mmoja wa wastani, basi. Faida iko katika kurudi. Wengi huteremka katika gia huru wakidhani wanaokoa mafuta, kumbe wajidanganya. Katika magari ya siku hizi, ambayo mafuta hupulizwa kwa mitambo ya umeme, ukiachilia kanyagio gari likiwa katika gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na mafuta hukatwa. Katika gia huru injini huendelea kunywa ili isizime, nazo breki hubeba uzito wote mpaka zipate moto. Na barabara ile, kama tujuavyo, imejaa vijana wa baiskeli walioelemewa na mikungu ya ndizi. Huko akiba ya mafuta na usalama ni njia moja.

Tatu, usishindane na upepo. Ukitoka kilometa 80 kwa saa ukafika 100, ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Nne, mambo madogo ya nyumbani: pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi, shusha mizigo isiyo na safari, ukimngoja mtu, zima injini.

Zamani nilitumia lita 9.5 kwa kilometa 100. Sasa natumia 7.6, yaani takriban lita 2 hubaki kila niendapo Gitega. Si nyingi, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Petroli bado huadimika, na foleni naijua. Ndiyo maana nimejiwekea sharti: robo ya mwisho ya tangi siigusi kwa safari zangu. Hiyo ni ya atakayebisha hodi usiku.