Muzee akitoka kupasuliwa prostati, kazi inaanza nyumbani

Leo ninaandika juu ya ugonjwa ambao hauko katika mwili wetu sisi wanawake, lakini unaingia katika nyumba zetu. Ni ugonjwa wa prostati. Prostati ni tezi ya wanaume, iko chini ya kibofu, na inazunguka njia ya mikojo. Mwanaume akizeeka, tezi hiyo inakua polepole na kubana njia. Kati ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60, karibu nusu wanayo hali hiyo. Wakipita miaka 80, inaweza kufika 9 kati ya 10. Kuvimba huko si kansa, na si ulozi.

Muzee wetu alianza kwa kuamka usiku mara mbili, kisha ine, kisha sita. Mama alisikia mlango, akanyamaza. Muzee naye alinyamaza. Katika familia yetu, hapa Bukavu, mtoto mwanamke hamuulizi baba yake habari za mikojo. Aliyevunja kimya ni shangazi, kwa sababu dada ana ruhusa ya kumwambia kaka yake maneno ambayo bibi na watoto hawawezi kutamka. Wakati huo kituo kimoja cha afya kilikuwa kimekwisha kumpa dawa za maambukizo mara tatu. Siku moja mikojo ikagoma kabisa, tumbo likakaza kama ngoma. Tulimkimbiza hospitali, wakamtia sonde, ule mpira wa kutoa mikojo. Alikaa nayo miezi miwili, huku sisi watoto tukichanga na mama akingoja zamu yake ya likelemba. Ndugu yetu anayeishi Nairobi akapata huko hospitali inayotumia leza.

Kwa leza hawakukata tumbo. Munganga anapitisha chombo chembamba ndani ya njia ya mikojo yenyewe, na mwangaza wa leza unaondoa nyama iliyozidi. Damu inayotoka ni kidogo kuliko ile ya upasuaji wa zamani. Siku ya pili walitoa sonde, siku ya tatu akatoka hospitali. Ndugu wakapiga simu wakishangilia kwamba amepona. Lakini alikuwa amepasuliwa tu. Kupona kulifanyika nyumbani, mikononi mwa mama.

Wiki za kwanza mikojo ilimchoma. Ilimkamata kwa ghafula, na mara nyingine ilitoka kabla hajafika chooni. Muzee, mutu wa heshima, akakataa kwenda misa. Hapo mama alitoa kitenge cha zamani, akakata, akashona vitambaa vya kuvaa ndani, akamwekea bila neno. Sisi wanawake tunajua habari ya vitambaa tangu usichana. Muuguzi alikuwa amemfundisha pia kukaza nyama za chini, kama mtu anayezuia mikojo, kuhesabu mpaka tano, kisha kulegeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Mama alicheka: "Lakini hii ndiyo walitufundisha kisha kuzaa!" Akaifanya pamoja naye.

Mimi nilichukua kaye ya shule, nikachora mistari: vikombe vya maji, mara za kukojoa, rangi ya mikojo. Mama hasomi sana, kwa hiyo alipiga vijiti, kama watoto wangu wa darasa la kwanza wakijifunza kuhesabu. Kaye hiyo ilitusaidia siku ya kumi na mbili. Maji ya robine yalikuwa yamekatika, muzee akabeba bidoni ya lita 20 kupanda ngazi. Jioni mikojo ikawa mwekundu. Majirani walianza kusema yao. Mama alifungua kaye, akaona kwamba siku zote zilizotangulia rangi ilikuwa safi, akajua ni ile bidoni. Karatasi ya hospitali ilisema damu inaweza kurudi kidogo hivyo, hasa mtu akijikaza. Alimlaza, akamnywesha maji, na kesho yake ikapungua. Kama angetoa mabonge ya damu, au angeshindwa kukojoa, au angepata homa, ingekuwa kukimbia hospitali saa ile ile.

Tulimpikia lenga-lenga, maharagi na papai, ili asijikaze chooni. Chai kali, kahawa na kasiksi viliwekwa kando, maana vinachokoza kibofu. Pikipiki pia alikatazwa kwa wiki kadhaa, na mnajua barabara zetu.

Kuna jambo lingine, wamama, ambalo wengi wanaliogopa kimya. Mama alimtuma shangazi aulize: muzee bado ni mwanaume? Munganga alijibu bila haya. Mara nyingi nguvu za mwanaume zinabaki. Lakini kisha upasuaji huu, manii yanaweza kuingia kibofuni badala ya kutoka nje, na yanatoka baadaye pamoja na mikojo. Hayaumizi. Ila mwanaume anayetaka bado kuzaa aseme mbele ya kupasuliwa. Na kurudi kitandani kunangoja wiki kadhaa, mpaka munganga aruhusu. Bibi asiyejua hayo anaweza kufikiri kwamba bwana yake amemchoka, na bwana anaweza kufikiri kwamba amekwisha.

Kisha miezi mitatu vitambaa viliwekwa sandukuni. Sasa muzee anaamka mara moja tu, na misa hakosi. Bado anapimwa, kwa sababu leza haiondoi tezi yote, na kansa inaweza kuingia katika ile inayobaki.

Kwa hiyo, kama bwana, baba au kaka anapasuliwa, usitoke hospitali bila majibu haya: atabeba mzigo lini? Damu kiasi gani ni ya kawaida? Tumpigie nani usiku? Lini atarudi kupimwa? Yaandike. Kaye yetu haiko tena nyumbani: mama ameiazimisha kwa jirani ambaye bwana yake anangoja zamu.