Mbegu za Kuchipusha: Kosa Langu na Beseni la Mama Muuza Mboga

Wengi mmeniuliza namna ya kuchipusha choroko na kunde kwa mboga ya nyumbani na ya kuuza. Kabla sijaeleza, nisimulie kosa langu.

Msimu mmoja niligawa mbegu za kunde kijijini. Zilikuwa na rangi ya waridi kwa sababu zilitiwa dawa ya wadudu na ukungu. Nilifundisha nafasi ya kupanda na palizi. Kuhusu ile rangi sikusema neno. Nilidhani kila mtu anajua.

Wiki mbili baadaye nilipita kwa mama mmoja anayeuza mboga gulioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu uone."

Alinionyesha beseni. Amelowesha choroko pamoja na kunde, na maji yamekuwa mekundu.

"Kunde zilibaki, nikaona nisizitupe. Nimeosha mara tatu, rangi inatoka."

Miguu iliniisha nguvu. Rangi hutoka, lakini dawa haiishi kwa kuosha. Siku mbili zaidi na mzigo ule ungekuwa gulioni. Tulichimba shimo mbali na kisima na kuku, tukafukia vyote, na beseni halikurudi jikoni. Choroko zake nilimlipa. Alisema tu, "Ungetuambia siku ile, mwanangu." Sikuwa na jibu.

Tangu hapo nashauri hivi: mbegu ya kuchipusha ilime mwenyewe, au nunua nafaka na kunde za chakula, kamwe si za kupandia zilizotiwa dawa.

Tenga mistari michache ya choroko. Hukomaa ndani ya miezi 2 hadi 3, ila maganda hayakauki kwa pamoja, hivyo vuna kwa awamu. Anika juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Pepeta, kisha chambua: punje iliyovunjika haichipui, huoza na kuharibu wenzake. Hifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa, bila dawa ya ghala.

Kabla ya kuchipusha nyingi, jaribu. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, baada ya siku 3 hesabu zilizochipua. Mimi zikipungua 85 nazipeleka kwenye sufuria kama mboga ya kawaida.

Kuhusu kuchanganya, nami nilianza vibaya. Nililowesha kila aina chombo kimoja. Choroko zikatangulia, dengu zikabaki nyuma, siku ya nne ndoo nzima ikanuka. Sasa kila aina ina chombo chake, nachanganya mwishoni: vikombe 3 vya choroko, 1 cha kunde, 1 cha dengu, na vijiko 2 vya uwatu, maana uwatu ukizidi ni mchungu.

Lowesha usiku mmoja, mwaga maji yote, funika kwa kitambaa safi. Suuza kwa maji safi asubuhi, mchana na jioni. Choroko huwa tayari siku ya 2 au ya 3. Zikinuka au zikiteleza, tupa. Joto na unyevu unaochipusha mbegu hulea vijidudu pia, kwa hiyo pika vizuri, hasa kwa watoto na wajawazito, na mweleze mteja wako hivyo hivyo.

Maharage usiweke kwenye mchanganyiko. Yasipoiva vizuri yana sumu. Machipukizi ya mtama nayo yana sumu. Mtama uache kwa kimea: ukaushwe, vichipukizi viondolewe, kisha upikwe.

Yule mama bado anauza. Siku hizi kila nikigawa mbegu, yeye ndiye anayesimama wa kwanza: "Bwana shamba, waambie habari ya rangi."

Nami nakuambia wewe. Kama jirani yako amebakiza mbegu za rangi, usingoje mkutano. Pita kwake leo.