Amana ya Mayatima na Mshahara wa Mkurugenzi

Nataka leo nikusimulie aibu iliyonipata ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwani huenda na wewe umo ndani yake nawe hujijui.

Ndugu yangu alipofariki aliacha mayatima watatu, na katika mali yake mlikuwa na hisa chache za kampuni moja ya biashara ya halali, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mimi ndimi niliyefanywa wasii. Kila mwaka kampuni ile ilileta taarifa yake, kitabu kizima, pamoja na fomu ya kumteua wakala wa kukupigia kura mkutanoni. Nami kila mwaka nilitia sahihi, nikampa uwakala mwenyekiti wa kampuni, nikairudisha. Kitabu kikapanda juu ya kabati. Nikajiona nimetimiza wajibu.

Mwaka mmoja gawio halikuja. Binti mkubwa wa marehemu, ambaye alikuwa akisomea uhasibu, akaniuliza: "Ami, sisi hatukupata kitu. Na wakubwa wa kampuni, nao hawakupata?"

Sikuwa na jawabu. Akakiteremsha kile kitabu, akakipangusa vumbi, akanionyesha ukurasa wenye jina la kila mkurugenzi na alicholipwa: mshahara, marupurupu na bakshishi ya mwisho wa mwaka. Malipo ya mkurugenzi mkuu yalikuwa yamepanda. Sababu iliyoandikwa ilikuwa mstari mmoja tu: ati ndivyo soko linavyolipa. Na idhini ya ukurasa ule ilikuwa imeombwa katika fomu ile ile niliyoitia sahihi mimi.

Sasa tazama, msomaji. Kampuni ile haikuficha kitu. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inaitaka kampuni iliyo sokoni itoe ripoti ya malipo ya wakurugenzi, na wenye hisa waombwe kuikubali. Kanuni za utawala bora za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, za mwaka huo huo, nazo zikashika njia ya kuiambia kampuni: tekeleza, au eleza kwa nini hukutekeleza.

Mwendo huu ulitangulia Uingereza. Kamati ya Sir Adrian Cadbury, katika ripoti yake ya mwaka 1992, ilitaka malipo ya wakurugenzi yawe wazi, na wasiwe ndio wanaojipangia wenyewe. Na kanuni za mwaka 2002 zikawapa wenye hisa kura juu ya ripoti hiyo. Mwaka 2016 kiasi cha asilimia 59 ya kura za wenye hisa wa BP zilikataa malipo ya mkuu wao, Bob Dudley, karibu pauni milioni 14, kwa mwaka 2015 ambao kampuni ilipata hasara kubwa. Kura ile haikuwa ya kulazimisha. Lakini malipo yake ya mwaka 2016 yalishuka kwa kiasi cha asilimia 40.

Basi sheria hufungua daftari tu. Kulisoma ni kazi ya mwenye mali. Anayesimamia mali ya watu ana haki ya ujira wake, wala hapana ubaya. Ubaya ni kujikatia pande la nyama na mwenye ng'ombe amelala. Nasi Waislamu tumefundishwa hayo zamani katika Suratun Nisaa, aya ya 6: wasii tajiri ajizuie na mali ya yatima, aliye mhitaji atumie kwa kadiri ya wema, na siku ya kukabidhi pawe na mashahidi.

Nilipomweleza binti maneno haya, kwa fakhari, aliinamisha kichwa, akasema taratibu: "Ami, na nauli unazotoa katika pesa zetu, zimeandikwa?"

Hazikuandikwa. Sikuiba, Mungu anajua. Lakini miongoni mwa watu nani angenishuhudilia? Wale niliokuwa nikiwasema walikuwa wameandika, na mimi niliyekuwa nikisema sikuandika.

Siku ile ile nilinunua daftari. Kila senti ninayoichukua naiandika, na mayatima wanaisoma. Na fomu ya kampuni sasa twaijaza pamoja. Mwaka uliofuata, mbele ya ripoti ya malipo, tulitia alama ya kukataa. Hisa zetu ni punje katika ghala, na ripoti ilipita. Lakini safari ile haikupita kwa sahihi yangu.

Nawe, ndugu yangu, kiteremshe kitabu kilicho juu ya kabati lako. Kisha, kabla hujamhesabia mwenzio, ijihesabie nafsi yako. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutimiza amana. Amin.