Mteja Asiyebishana Bei

Mtu anayetaka kitenge huuliza. Kinachuja? Ni cha Congo au cha China? Ipo pisi nyingine ya ua hilohilo, ya mdogo wangu aliyeko Birmingham? Akishajibiwa yote hulalamika kwamba bei imepanda, hupotea siku mbili, kisha hurudi. Miaka yote niliyouza vitenge hapa Leicester sijamwona mama wa kwetu akinunua pisi ishirini za rangi yoyote ile, za bei ya juu kuliko zote dukani, saa nane za usiku, na kutaka zisafirishwe asubuhi kwa gharama yoyote kwenda kwenye nyumba ambayo si anwani ya mwenye kadi.

Oda za namna hiyo huingia kwenye tovuti yangu, na huyo ndiye mteja wa kuogopwa. Habishani bei kwa kuwa pesa si yake. Mara nyingine hujaribu kadi moja ikakataa, ya pili ikakataa, ya tatu ikapita. Au kabla ya oda kubwa hupita vioda vya pauni mojamoja, mwizi akipima ni kadi zipi bado ziko hai. Yupo pia anayepiga simu na kukusomea namba za kadi, akishalipa anadai amezidisha, umrudishie kilichozidi kwa njia ya benki, siyo kwenye kadi ileile. Hapo kwenye “siyo kadi ileile” ndipo wizi wote ulipo.

Jirani yangu wa duka la viungo ni mzee wa Kihindi aliyefika Leicester mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Uganda, na Kiswahili chake cha Jinja bado kina chumvi. Nilipofungua duka alinionya: “Binti, hapa mwenye kadi hapotezi. Wewe ndio utapoteza.”

Sheria iko upande wa maneno yake. Kwa kanuni za malipo za Uingereza za mwaka 2017, mtu ambaye kadi yake imetumika bila idhini yake, kama hakufanya uzembe mkubwa, habebeshwi zaidi ya pauni 35, na benki inatakiwa kumrudishia pesa kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha. Ni jambo jema, nami nina kadi pia. Lakini pale kadi ilipotumika kwa mbali, kwa simu au mtandaoni bila uthibitisho, benki haibaki na hasara ile. Inairudisha kwa kampuni inayomhudumia muuza duka, nayo kampuni inamkata muuza duka na kumwongezea ada juu. Malalamiko yanaweza kuja hadi siku 120 baadaye. Kitenge kilichotoka dukani Januari, kikashonwa na kuvaliwa harusini, pesa yake yaweza kuondoka kwenye akaunti yako Aprili, na mzigo huuoni tena.

Dukani, ana kwa ana, mambo ni nafuu. Tangu Februari 14, 2006 mteja wa huku huchomeka kadi na kubonyeza namba ya siri, na muuzaji aliyefuata utaratibu huo kwa kawaida hadaiwi. Wezi wakahamia mtandaoni. Machi 14, 2022 ikawa tarehe ya mwisho kwa maduka ya mtandaoni kuhakikisha mnunuzi anathibitishwa kwa hatua mbili, na oda iliyopita kwenye mlango huo hasara yake huangukia benki iliyotoa kadi. Oda ya kusomewa namba kwa simu siipokei kabisa, hata wazee wa kanisani wakinung’unika.

Mdogo wangu ni wakala wa pesa za simu Ujiji, nyumbani kwetu Kigoma. Huko kadi ni mambo ya mahoteli ya Kigoma mjini na watalii. Pesa ya mtaani iko kwenye laini, tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata. Wateja wake ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa, akina mama wa mawese, na Wakongomani ambao ndugu zao walitoka kambi ya Nyarugusu wakapelekwa Marekani. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, anasema waliokuja kutoa pesa waliwazidi sana waliokuja kuweka. Pesa ya ughaibuni ndiyo iliyoinjika vyungu vingi mwambao ule.

Na tapeli anajua hivyo. Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyeujua ule ujumbe: ile hela itume kwenye namba hii, yangu ina tatizo. Unarushwa kwa watu wengi bila kujua nani anadaiwa na nani, na miongoni mwao hakosekani mmoja ambaye asubuhi hiyohiyo ameahidi kumtumia mwenye nyumba kodi. Kwa wakala mbinu ni nyingine. Anakuja mtu ana haraka, boti linaondoka, na kwenye simu ya wakala umeingia ujumbe wa kughushi unaofanana na wa mtandao. Wakala anayesoma ujumbe badala ya kuangalia salio ndiye anayelia jioni. Au anapiga “ofisa wa makao makuu” anayetaka wakala abonyeze namba fulani ili laini ya uwakala isifungwe. Ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa ndiyo inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Rukwa ni majirani zetu wa ziwa hilohilo, na watu wa Kigoma hulisema hilo kwa kujipongeza kidogo, kana kwamba laini ya simu inasimama mpakani kuomba ruhusa.

Yupo binamu yetu mwenye nyumba ya wageni Kigoma mjini. Yeye aliandikiwa barua pepe ya Kiingereza kizuri: kundi la watalii wa Gombe, watalipa kila kitu kwa kadi, pamoja na pesa ya boti, naye atoe humo fungu la mwenye boti amtumie kwa simu kwa kuwa “hapokei kadi”. Ujanja huu unajulikana katika biashara za utalii dunia nzima: kadi ni ya wizi, malipo yatafutwa baadaye, na kilichotumwa kwa simu hakirudi. Binamu alifurahia idadi ya vyumba. Mdogo wangu aliuliza jina la mwenye boti. Boti za Gombe huondokea Kibirizi, na Kibirizi hakuna mwenye boti asiyejulikana. Huyo hakujulikana, na oda ikafia hapo.

Kuripoti ndiko kunakozitofautisha hizi nyumba zangu mbili kuliko wizi wenyewe. Leicester ninayo nafasi ya kupumua. Nikishuku oda sipeleki mzigo. Napigia kampuni ya mashine ya kadi, narudisha pesa kwenye kadi ileile, natunza anwani na barua zote, kisha naandikisha katika kituo cha taifa kinachoendeshwa na polisi wa City of London. Mtu aliyedanganywa kutuma pesa benki anapiga 159 na kuunganishwa na benki yake. Ujiji zinahesabiwa dakika. Unaupigia mtandao hapohapo uzuie muamala, kwa maana tapeli tayari yuko kwa wakala mwingine anatoa. Akishatoa, utaambiwa ukakate RB polisi. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma unavipeleka kwenda 15040, namba ya TCRA. Mdogo wangu huwabonyezea wazee wa mtaani *106# ili waone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao cha NIDA, na wapo waliokuta laini wasizozijua.

Hata hivyo mawakala wa kwetu wamenizidi kwa jambo moja. Wana kundi lao la WhatsApp, na namba ya tapeli aliyejaribu Mwanga, Kigoma mjini, hufika Ujiji kabla hajapanda bodaboda. Mtaani kwangu hapa, mwenye saluni wa mlango wa pili alikaa kimya na hasara yake miezi mingi kwa aibu. Tulipokuja kuongea tukagundua anwani ya kupokelea mzigo iliyotumika kumtapeli yeye ilikuwa imejaribiwa kwangu. Maduka mawili, ukuta mmoja.

Kuibiwa mali iliyotoka mbali si jambo jipya Ujiji. Mji husifiwa kwa kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871. Kwangu kisa kizito ni kilichotangulia. Livingstone alirudi Ujiji Oktoba mwaka huo akitegemea mali aliyotumiwa kutoka Unguja: yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga, na shanga ndizo zilizokuwa chenji ya soko la Ujiji. Hakukuta hata uzi mmoja. Sherif, aliyekabidhiwa mzigo, alikuwa ameuza vyote, na utetezi wake ni kwamba alitazamia kwa Msahafu akaona mwenye mali amekwisha kufa. Livingstone akamwandikia balozi Kirk Unguja, barua ya safari ya miezi. Kila aliyewahi kutuma pesa ya matofali nyumbani kwa njia ya ndugu anamjua Sherif wake, ila si kila mmoja aliyetangaziwa kifo.

Tangu Oktoba 7, 2024 Uingereza ina kanuni ambayo ningeitamani Kigoma. Ukidanganywa ukahamisha pesa kwa mkono wako mwenyewe, benki inatakiwa kukurudishia ndani ya siku tano za kazi, hadi pauni 85,000, ikiruhusiwa kukata hadi pauni 100. Benki yako na ile iliyompokelea tapeli zinagawana hasara nusu kwa nusu. Biashara yenye wafanyakazi chini ya kumi nayo inahesabiwa. Kadi haimo, na pesa inayovuka mpaka haimo. Kwa hiyo mtu akiteka laini ya mama yetu akaniandikia kwamba analazwa hospitali ya Maweni, nitume haraka, kanuni hiyo inaishia ufukweni Uingereza na pesa yangu inaendelea peke yake. Katikati ya nyumba zangu mbili, mahali ambapo pesa ya ughaibuni hukaa muda mfupi kuliko pote, hakuna anayewajibika.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba Benki Kuu ya Tanzania ingeweza kuitaka mitandao igawane hasara vivyo hivyo, wa kutuma nusu, wa kupokea nusu, na wakala ahesabiwe kuwa mteja, kwa kuwa salio analotapeliwa ndilo mtaji wake. Alicheka. “Dada, huku watu watatapeliana na shemeji zao ili walipwe.” Nikamjibu kwamba hata huku mabenki yalilalama, na ndiyo maana kiwango cha juu kilichopangwa awali, pauni 415,000, kilishushwa mpaka 85,000 wiki chache kabla ya kuanza.

“Basi na huku washushe,” akasema. “Waanze na laki mbili. Mtu akinirudishia laki mbili ndani ya siku tano, kibanda sifungi.”