Sikiliza Pikipiki Yako

Pikipiki yangu hupeleka wagonjwa zahanati. Ikizimika njiani usiku, mtu anaweza kufa. Ndiyo maana kabureta naitazama mwenyewe nyumbani.

Injini ikiwa imepoa, fungua plagi. Ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli imezidi hewa. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo. Rangi ya kahawia ni nzuri.

Safisha kwanza chujio la hewa, maana vumbi huzuia hewa. Kisha toa pikipiki nje, kwani moshi wake ndani ya nyumba huua. Washa injini mpaka ipate moto. Zungusha skrubu ya hewa polepole, robo mzunguko kila mara. Injini ikinguruma sawasawa, acha hapo.

Petroli usiyoimwaga bure ni fedha yako.