Mtindio wa Ubongo: Mazoezi ya Nyumbani Ndiyo Tiba ya Kila Siku

Leo tunawaandikia kutoka Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, tunakoshona nguo. Dukani kwetu huingia akina mama na mtoto wa miaka miwili mgongoni, shingo bado haijakaza. Wapo walioshauza mbuzi wote wakitafuta dawa ya kumponya.

Tuambizane ukweli. Mtindio wa ubongo hauna dawa ya kuuondoa. Ubongo uliumia mtoto akiwa tumboni, au alipochelewa kulia wakati wa kuzaliwa, au baadaye kwa manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Si uchawi, wala si adhabu kwa mama. Na ubongo wa mtoto mdogo bado unajifunza, ndiyo maana tunasema: anza mapema.

Anzia hospitali iliyo karibu, uliza kitengo cha mazoezi ya viungo. Hapa Dodoma kuna Hospitali ya Mkoa na Benjamin Mkapa. Dar es Salaam kuna CCBRT, Msasani. Nyumbani Unguja, Mnazi Mmoja. Mtoto mwenye kifafa atapewa dawa. Usizikatize bila daktari. Wengine huhitaji viatu maalumu, dawa ya kulegeza misuli, hata upasuaji.

Lakini mtaalamu humwona mtoto kwa muda mfupi tu. Siku nzima iliyobaki ni yako, mama. Mwombe akufundishe namna ya kumbeba, kumgeuza na kumvalisha. Usimlishe amelala chali, atapaliwa. Mkalishe wima, kichwa kisirudi nyuma, kijiko kidogo kidogo.

Kiti chake nacho hupimwa mwilini kama gauni: nyonga, mgongo, mpaka magoti. Cha mtoto mwingine hakimkai. Mtaalamu akishaelekeza vipimo, fundi seremala atakitengeneza, na sisi washonaji tutashona mito ya sponji na mikanda.

Baba, bibi na shangazi wajifunze pia. Mama akiachiwa mzigo peke yake hufunga biashara, na biashara ikifungwa, nauli ya kliniki hutoka wapi?

Tuombe dua, na mazoezi tuyafanye. Tawakkul haikai bila juhudi. Mtoto akiweza kukaa mwenyewe, akashika kikombe chake, hiyo ni neema kubwa. Allah awatie nguvu wazazi wote wenye amana hii. Amin.