Anayetembea kwa Niaba ya Mwenzake

Gikondo, katika wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, ni mtaa wa mlimani. Nyumba zake zimepanda kutoka bonde ambalo zamani lilijaa viwanda, zikielekea juu upande wa Rebero. Mkazi wa huko hupanda na kushuka kila aendapo sokoni, kanisani au kumjulia hali jirani. Kwa mwenye afya njema, mlima huo ni mazoezi yasiyolipiwa. Kwa mama mmoja wa mtaa huo, mwenye watoto wawili na cherehani ya kumpatia riziki, mlima huo ndio uliomfunulia kwamba mwilini mwake mna jambo.

Mambo yalianzia jichoni. Asubuhi moja aliamka jicho la kushoto likimuuma kila alipoligeuza, na wekundu wa kitenge alichokuwa akikishona ukaonekana umefifia. Baada ya majuma machache jicho likapona lenyewe, naye akamshukuru Mungu. Mwaka uliofuata ganzi ikamshika miguu, kisha nayo ikapungua. Ndipo ulipokuja uchovu, tena si ule wa kazi unaoondolewa na usingizi. Alikuwa akiamka amechoka kuliko alivyolala, na jua la mchana likipanda, miguu humlegea kama ya mtoto anayejifunza kusimama.

Katika mtaa wenye umoja, udhaifu usioonekana huleta maneno. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wananchi wa Rwanda hutoka kwa ajili ya umuganda, yaani kazi za pamoja za kusafisha mitaro, kupanda miti na kutengeneza njia. Mama huyo alianza kukosa. Alipohudhuria, alishika jembe kwa muda mfupi kisha akaketi. Wapo walionong'ona kwamba amekuwa mvivu, na wapo waliosema amerogwa. Bibi mmoja jirani, aliyemwona tangu alipoolewa, alimwambia mbele ya watu, “Mwanangu, sisi wazee tunalima, nawe umekaa?” Mama hakuwa na jibu, kwa kuwa hata yeye hakujua anaumwa nini. Alikuwa amekwisha kupewa dawa za malaria, kisha za kuongeza damu, wala hazikumfaa.

Jina la ugonjwa lilipatikana baada ya miaka minne, daktari wa mishipa ya fahamu alipoagiza kipimo cha MRI. Picha zilionyesha makovu katika ubongo na uti wa mgongo. Ugonjwa huo huitwa maltipo sklerosisi, maana yake makovu mengi, na ulielezwa kwa ufasaha na daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1868. Mishipa ya fahamu imevikwa ala ya mafuta, mfano wa waya wa umeme uliovikwa mpira. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu, hukosea na kuishambulia ala hiyo. Palipochunika, habari kutoka ubongoni huchelewa au hupotea njiani. Ndiyo sababu leo huuma jicho, kesho mguu. Ugonjwa huu si wa kuambukiza, wala hauletwi na uchawi.

Kuchelewa huko kuna sababu yake. Maltipo sklerosisi huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, na Kigali iko karibu na ikweta. Daktari aliyezoea kuona malaria na kifua kikuu hana sababu ya kuufikiria upesi. Duniani kote wanakadiriwa watu milioni 2.9 wenye ugonjwa huu, na wanawake ni angalau maradufu ya wanaume. Wengi huanza kuugua kati ya miaka 20 na 40, umri ule ule wa kulea na kujenga nyumba. Barani Afrika hesabu ni haba, kwa kuwa wapimaji ni wachache na mashine ni chache. Nao wasiohesabiwa husahauliwa kwa urahisi dawa zinapogawanywa.

Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana, ila zipo za kupunguza mashambulizi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kati yake katika orodha ya dawa muhimu. Hatua hiyo ni tunda la utafiti, na utafiti hutaka fedha. Mwaka 2022 wanasayansi waliokuwa wamechunguza kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 10 wa Marekani walitangaza kwamba aliyeambukizwa virusi vya Epstein-Barr huongezewa hatari ya kuupata ugonjwa huu mara 32. Virusi hivyo huwapata watu karibu wote, nao wengi hawaugui kamwe. Hata hivyo, mlango umefunguliwa wa kutafuta kinga.

Nyumbani kwa mama huyo utaratibu ulibadilika. Kazi za nguvu hufanywa alfajiri, kukiwa na baridi, kwa maana joto humzidishia udhaifu. Jikoni kuna kiti kirefu, na mboga hukatwa mtu akiwa ameketi. Mume huchota maji, na binti mkubwa hufua siku ya Jumamosi. Mama hushona saa moja, hupumzika nusu saa, kisha huendelea. Mwanzoni aliona haya kupumzika mchana, kwa kuwa alilelewa kuamini kwamba mwanamke hulala jua likizama. Siku hizi anajua kwamba pumziko ni sehemu ya tiba yake.

Wazo la matembezi lilitoka kwa wanawake wenzake wa chama cha kuweka akiba. Jambo hilo si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na huko Nairobi maelfu wamekimbia na kutembea ili watoto wenye maradhi ya moyo wapasuliwe. Kigali nayo, tangu mwaka 2016, ina Jumapili zisizo na magari, ambapo barabara kubwa huachiwa waendao kwa miguu. Wanawake wakakubaliana kwamba kila mmoja atafute wa kumwahidi faranga kwa kila kilomita. Fedha zingepelekwa kwa Shirikisho la Kimataifa la Maltipo Sklerosisi, ambalo hugharimia pia mafunzo ya watafiti vijana kutoka nchi zisizo tajiri. Mama alilipenda jambo hilo la mwisho kuliko yote, akiwaza kwamba huenda siku moja mmoja wao akawa daktari wa karibu.

Siku ilipofika, alisisitiza kutangulia. Alitembea na mkongojo wake kwa dakika kumi, kisha mguu wa kulia ukakataa kuinuka. Alipoketi ukingoni mwa barabara, machozi yalimtoka, kwa kuwa alidhani ameiharibu shughuli. Yule bibi jirani akamwendea, akachukua kutoka mkononi mwake karatasi ya ahadi. “Mwanangu,” alisema, “zilizobaki nitakutembelea mimi.” Akazitembea zote, taratibu, akapumzika mara tatu, akarudi na karatasi imetiwa alama hadi mwisho.

Fedha zilizopatikana hazikuwa nyingi, wala hazingetosha kununua dawa ya mtu mmoja kwa mwaka. Lakini Jumamosi ya umuganda iliyofuata, mama alipoketi, hakuna aliyenong'ona. Aliletewa kigoda na kupewa daftari la mahudhurio aandike majina. Jirani akimwona mwenzake amechoka pasipo sababu ya kuonekana, na amuulize kabla ya kumhukumu. Swali moja la upole huenda likamfikisha mgonjwa kwa daktari miaka minne mapema.